Crossfire: tamthilia ya hoteli kushambuliwa, kwa macho yetu tunaotandika vitanda

Nimemaliza kuitazama Crossfire, sehemu zote 3, na nitaizungumzia kama hauskipa, kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha hapa Dodoma, kwenye hoteli ya ghorofa 4 upande wa Area D. Niseme mapema: ni kazi nzuri, inatisha panapotakiwa kutisha, na Keeley Hawes anayeibeba hadithi anajua kuigiza hofu kiasi kwamba unamwonea huruma hata pale alipokukera. Ila mambo yote yanatokea hotelini, na watu wa hoteli wenyewe wamewekwa pembeni mno. Hilo limeniuma na sioni sababu ya kulinyamazia.

Kwa ambaye hajaisikia, BBC One ya Uingereza iliionyesha Septemba 2022, usiku 3 mfululizo. Imeandikwa na Louise Doughty, ambaye kwa kawaida ni mwandishi wa riwaya. Marafiki na familia zao wametoka Uingereza kwenda kula likizo kwenye hoteli ya kifahari katika Visiwa vya Kanari, vile visiwa vya Hispania vilivyoko ng'ambo ya pwani ya Moroko. Picha zenyewe zilipigwa Tenerife. Jo, mwanamke aliyewahi kuwa polisi, yuko roshani kwake anaota jua, simu mkononi. Mara risasi. Wenye bunduki wamekuja kulipiza kisasi, wapendwa wake wametawanyika humo hotelini, na kuanzia hapo ni kukimbia, kujificha na kutafutana. Nani anakufa na nani anapona sitasema.

Sisi tuliitazama kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya jiko, wageni wakishakula na sisi tukishamaliza vyombo. Flashi aliileta dada wa mapokezi, na yeye ndiye aliyekuwa anatutafsiria, maana humo Kiingereza kinakwenda mbio na wenyeji wanapokezana Kihispania chao. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanamkumbuka Lufufu alivyokuwa akiisemea filamu mpaka unahisi ni yake. Dada yetu hana makeke yale. Anatafsiri taratibu, na pakianza kutisha anasahau kabisa kutafsiri, anabaki ameshika mdomo, sisi tunamsukuma begani: "Dada, kasemaje? Kasemaje huyo?" Tulikuwepo mimi, yeye, mama wa kufulia, mpishi wa zamu ya jioni, na babu mlinzi ambaye alikuwa anaingia na kutoka kila geti likigongwa.

Sehemu ya kwanza ndiyo bora kuliko zote, na nadhani hata asiyependa mambo ya bunduki ataimaliza. Milio inaanza wakati macho yako bado yako kwenye maji ya bwawa na viti vya kuotea jua, na kwa muda mrefu hujui inatokea wapi. Wageni nao hawajui. Mmoja anakimbilia huku, mwingine anakimbilia kule alikotoka mwenzake. Hapo waliotengeneza wamefanya kazi ya watu wazima, kwa sababu hoteli ndivyo ilivyo. Korido zinafanana, milango inafanana, ngazi ya ghorofa ya 2 haina tofauti na ya ghorofa ya 3. Wageni wangu wasio na haraka yoyote, wanaotoka tu kifungua kinywa, kila siku nawakuta wamesimama mlangoni kusiko kwao wanahangaika na ufunguo usioingia. Mtu wa namna hiyo mpe milio ya risasi nyuma yake, uone atafika wapi. Mpishi wetu, ambaye huwa haachi kuongea, alinyamaza mpaka sehemu ile ikaisha, kisha akasema neno moja tu, "Duh," akaenda kuangalia kama mlango wa jiko la nyuma umefungwa.

Sasa nije kwenye jambo lililotugombanisha, nalo si bunduki. Ni simu ya Jo. Wakati risasi za kwanza zinalia, mama huyu alikuwa anachati na mwanamume asiye mumewe, na mwanamume mwenyewe ni mume wa rafiki yake, na wote wamekuja likizo pamoja, wanakula meza moja. Dada wa mapokezi alipotutafsiria zile meseji, chumba kililipuka. Mama wa kufulia, ambaye ni Mgogo wa Kongwa kama mimi na ana wajukuu wakubwa, alikataa kumsikitikia Jo kuanzia dakika ile. Kila Jo alipokaribia kupigwa risasi, sisi tunashika vichwa, yeye anasema, "Simu ile ndiyo iliyomweka juu ghorofani, bila hiyo angekuwa chini na watoto wake." Dada wa mapokezi akamjibu kwamba, mama, hatuko kanisani hapa, mtu anaweza kuwa na kosa na bado akawa shujaa. Mama akageuka kabisa kwenye kiti. "Akiokoa hoteli nzima, yule rafiki yake siku akijua atamtazamaje? Atamwambia asante?"

Nimelifikiria swali lile sana, na naona ndilo tamthilia yenyewe inalolitafuta. Watu wanaweza kusema mapenzi yale yamechomekwa ili kurefusha hadithi. Mimi sioni hivyo. Mwandishi alitaka msiba umkute mtu katikati ya jambo asilotaka lijulikane, maana misiba mikubwa ndivyo inavyokuta watu, haisubiri wapatane kwanza. Kazi yangu imenionyesha mengi kuhusu wageni ambayo sitayasema popote, na naweza kuthibitisha kwamba kwenye korido moja yenye vyumba 12 siri hazikosekani. Kwa hiyo Jo kama mtu nilimwamini. Hata mama wa kufulia, pamoja na hasira zake, hakukosa sehemu hata moja.

Kilichonichosha ni kurudi nyuma nyuma. Mtu kajibanza, mwenye bunduki yuko hatua chache, halafu unarudishwa Uingereza wiki zilizopita ukamwone Jo jikoni kwake. Mara moja inafaa, mara mbili sawa. Ikizidi hapo hofu inapoa na inabidi uianze upya. Huko kwao nako wapo watazamaji waliolilalamikia hilohilo ilipoonyeshwa, pamoja na maamuzi ya wahusika yanayokufanya uipigie kelele televisheni. Sisi tulipiga kelele kwa kwenda mbele. "Zima simu, mama!" "Usitokee huko!" Sidhani kama hilo ni kasoro. Mtu akiogopa anafanya mambo ya ajabu.

Babu mlinzi alikuwa na lake. Yeye alishawahi kuwa jeshini kabla ya kampuni ya ulinzi, na hapendi kabisa tamthilia zinazompa mtu bunduki akageuka mkombozi. Jo anapokamata bunduki ya kuwindia, babu alisimama, akavaa kofia yake. Tukamwambia, "Babu, kaa, ndiyo inanoga." Akasema mtu aliyeacha kazi ya polisi zamani, mikono inatetemeka, mtoto wake hajulikani alipo, ukimpa bunduki gizani atampiga wa kwanza kutokea, na wa kwanza kutokea anaweza kuwa mpishi. Lazima nikiri kwamba tamthilia inalijua hilo kwa kiasi chake. Haionyeshi Jo akifyatua kwa raha, na uzito wa bunduki ile unaonekana usoni mwake. Keeley Hawes hapo anafanya kazi kubwa bila kuongea. Lakini babu alishatoka nje.

Sasa la kwangu.

Meneja wa hoteli ile amepewa nafasi, ana jina, ana uso, unamfuata. Wahudumu wengine tunawaona wakipita, wakianguka, wakikimbia na wageni, basi. Mimi nilikuwa nasubiri mtu mmoja: hauskipa wa ile ghorofa. Saa zile mchana kweupe hauskipa lazima yuko koridoni na toroli lake. Mfukoni ana ufunguo mkuu unaofungua kila mlango wa ghorofa yake. Ana orodha ya asubuhi inayoonyesha chumba kipi kina watu, kipi wameondoka, kipi wamening'iniza kile kikadi cha kutaka wasisumbuliwe. Anajua chumba namba fulani kuna bibi asiyeweza kushuka ngazi haraka, na kingine kuna mama mwenye kichanga kwa sababu jana aliombwa beseni. Anaijua ngazi ya nyuma wageni wasiyoijua, ile tunayoteremshia shuka chafu. Mtu mwenye elimu yote hiyo ndiye wa kwanza ambaye ningemfuata kama ningeandika hadithi ya hoteli kuvamiwa. Ufunguo huohuo unaweza kuokoa watu 20, na ukiingia mikono mibaya unafungulia watu 20 kifo. Hofu gani kubwa kuliko hiyo? Badala yake tumefuatishwa wageni wanaobahatisha milango.

Dada wa mapokezi naye alikuwa na malalamiko ya namna hiyo kuhusu kitabu cha wageni. Hapa kwetu mgeni haingii chumbani kabla hajaandika jina, anatoka wapi, anakwenda wapi, namba ya simu. Wengine wananung'unika. Yeye alisema, watu wakishatolewa nje wamesimama uwanjani, ni kitabu kile kitakachosema nani hayupo. Mama wa kufulia akaongeza kwamba chumba chake kina mlango wa chuma, hakina dirisha, na kuna marundo ya shuka na mablanketi, wangefichwa watoto wote mle. Mpishi alitaka mtu mmoja tu, kokote, afunge gesi. Risasi zinalia karibu na jiko la hoteli na hakuna anayekumbuka mitungi! Nilipowasikiliza niliona kwamba kwenye kile chumba kidogo, nyuma ya sufuria, kulikuwa na sehemu ya 4 ya Crossfire ambayo hakuna aliyeiandika.

Na silalamiki kwa ajili ya sifa. Tazama yaliyowahi kutokea kweli. Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise pale Kikambala, kaskazini ya Mombasa, ililipuliwa wageni kutoka Israeli walipokuwa wanawasili. Walikufa watu 13 mbali na washambuliaji, na 10 kati yao walikuwa Wakenya, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa pale mlangoni kuwakaribisha wageni. Watu walikuwa kazini, wanaimba, wanapiga ngoma, mshahara wa siku. Juni 26, 2015, ufukweni Sousse kule Tunisia, mtu mmoja mwenye bunduki aliua watu 38, na 30 kati yao walikuwa Waingereza. Siku ile wafanyakazi wa Kitunisia walijipanga mstari, wakawa ukuta kati ya mwenye bunduki na wageni. Hilo liliandikwa na wageni waliopona walilisimulia wenyewe. Na Januari 15, 2019, Nairobi, hoteli ya DusitD2 ilipovamiwa, waliouawa walikuwa 21, na wengi wao ni watu waliokuwa kwenye shughuli zao za kila siku. Mwandishi yeyote akikaa kuandika hadithi ya namna hii ana mifano ya wahudumu waliofanya makubwa, tena mingi. Wasomaji na watazamaji wa Uingereza wanaikumbuka Sousse kuliko sisi, kwa hiyo wangeielewa mara moja.

Ningependa sana kuona waigizaji wetu wa Kitanzania wakijaribu kitu kama hiki. Tamthilia zetu hoteli wanaipenda, lakini kwa ajili ya fumanizi na mchepuko, mhudumu anatokea kuleta soda halafu basi. Dodoma ina kila kitu cha kuandikia. Serikali ilipoanza kuhamia rasmi mwaka 2016, hoteli na nyumba za wageni zimeota kuanzia Kisasa mpaka Ihumwa, na tangu 2024 treni ya umeme inamwaga watu hapa kila siku. Njoo kipindi cha Bunge la Bajeti, Aprili mpaka mwisho wa Juni, uone: vyumba vyote vimejaa, magari yamebanana nje ya geti, wageni wakubwa na wageni wadogo kwenye bafe moja. Kwenye jengo la namna hiyo mwandishi anayejua kazi ya hoteli hatakosa hadithi.

Tamthilia ilituachia pia mazungumzo ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Mafunzo ya moto tunapewa, mtungi wa kuzimia tunajua kuushika, tunajua wageni wakusanyike wapi. Lakini moto unakwambia toka nje, na mwenye bunduki mara nyingine anakutaka ujifungie ndani na uzime taa na simu. Hayo mawili yanapingana, na hatukuwahi kukaa kuyazungumza. Mpishi alibandika namba ukutani karibu na simu ya jiko, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto, kwa maandishi makubwa ya kalamu nyekundu. Meneja alipouliza tukamwambia tumetoa wapi wazo, naye akaiazima flashi.

Sehemu ya tatu watu wengi wataiona imepoa. Mimi ndiyo iliyonifanya niiheshimu Crossfire. Risasi zikishanyamaza, hadithi haiishi. Inakwenda na waliobaki, inawaonyesha wakiwa hai na bado hawajatoka kwenye ile hoteli, wanajaribu kuishi na walichokiona na walichokifanya, na zile meseji bado zinadai majibu. Tamthilia nyingi za namna hii zinakatia pale polisi wanapofika na mablanketi. Hii imekataa. Wakati tunaitazama, babu mlinzi alikuwa amerudi amekaa mlangoni, na hapo ndipo alipotuambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulipolipuliwa, alikuwa lindo upande wa Kinondoni na akausikia mlio. Watu 11 walikufa Dar siku ile, wakiwemo walinzi wa pale ubalozini, watu wa kazi kama yake. Mama wa kufulia akamuuliza, "Sasa baba, uliendeleaje na kazi?" Akasema alikwenda zamu kesho yake kwa sababu alikuwa na watoto, na kwa kuwa bomu lile lilikuja na lori, mpaka leo lori la maji likija getini analizunguka mara mbili kabla ya kufungua. Sisi tulikuwa tunadhani ni ukaidi wa uzee, tena madereva wa maji wanamlalamikia sana. Tangu siku ile mimi nikiwasikia nawajibu wasubiri.

Kwa hiyo nani aitazame? Ukipenda tamthilia fupi isiyokuburuza miezi, hii inaisha kwa jioni 3, kila sehemu kama saa moja. Itazame na watu, usiitazame peke yako ukiwa zamu ya usiku. Watoto wadogo hapana, kuna watoto humo ndani ya hatari na damu inaonekana. Asiyeelewa Kiingereza vizuri atafute mtu wa kumtafsiria, kwa sababu nusu ya utamu iko kwenye maneno wanayoambizana wanandoa, siyo kwenye risasi. Sehemu ya kwanza naipa 9 kwa 10. Ya pili 6, kwa ajili ya kurudi nyuma kwingi. Ya tatu 8. Na Louise Doughty kama ataandika nyingine ya hotelini, akae kwanza na hauskipa mmoja kuanzia saa 1 asubuhi mpaka vyumba viishe, amshikie toroli, amuulize maswali. Hapa Area D tutampokea, chai ipo.